Miko ya Mavyaa na Mianzi Yangu

Tanga, Usagara. Jumatano, mwezi wa Shaabani, mwaka wa hamsini na sita.

Joto la leo halina adabu. Masika yanatangaza kuja tangu juzi, lakini wingu linapita juu ya mabati, linatutazama, linakwenda zake. Nguo za asubuhi zimekauka kabla sijamaliza kuzianika. Sasa adhuhuri imepita, nyumba nzima imejinyoosha inapumzika, na mimi nimekaa uani kwenye mkeka na kalamu yangu. Walio macho ni mimi na kuku.

Sina usingizi kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haijui kulala mchana.

Ute wa mayai umenigomea. Nimeupiga mpaka mkono umekufa ganzi, na badala ya kuvimba umebaki kwenye bakuli maji matupu, na povu kidogo pembeni. Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Nilioka mkate wa mayai wa kujaribia, ukatoka umelala chini ya sufuria, mzito, mwembamba, aibu tupu. Nikajidanganya kwamba mayai yalikuwa viza. Leo mayai ni ya asubuhi hii hii, kuku mwenyewe nimemwona akitoka kwenye kiota anajisifu. Basi nikakitazama kipekecho changu cha kupigia mayai, nikakinusa.

Kinanuka mafuta ya nazi.

Mimi sijawahi kukipaka mafuta.

Niandike vizuri, maana nikija kusoma haya nikiwa bibi nitakuwa nimesahau. Mimi ni Mshambaa wa Bumbuli. Niliteremka Tanga baada tu ya Maulidi, nimeolewa na Bakari, karani wa bandarini. (Kwa mdomo simtaji jina, lakini karatasi haina masikio.) Siku ya kuondoka nyumbani, mama alinifungia vyombo vya jikoni alivyovichonga mjomba kwa mianzi ya bondeni kwetu: miko, koleo la kugeuzia maandazi, mchi wa kusukumia chapati, na kipekecho. Hicho kipekecho mjomba alikiiga kwenye chombo cha waya alichokuwa nacho mwalimu wetu wa upishi shuleni. Ni kipande cha mwanzi tu, upande mmoja mpini, upande wa pili kimechanwa vijiti vyembamba vinavyotawanyika. Ukikizungusha katika ute wa mayai, unavimba na kusimama.

Mavyaa wangu, Bi. Mwanakombo, mama yake mume wangu, ni mtu wa Tanga wa tangu na tangu. Jikoni kwake kila chombo ni cha mti. Ana miko ya mfenesi aliyoirithi kwa mama yake, chano cha kuchambulia mchele, kibao na mchi wa kusukumia, vyote vimekuwa vyeusi vya kung'aa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana anavitandaza juu ya jamvi na kuvipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, kimoja baada ya kimoja, polepole. Hiyo ndiyo haki yao, anasema. Mti usiopakwa mafuta hupasuka, na mwiko uliopasuka huficha uchafu wa jana.

Vyangu alivipokea kwa mikono miwili. Akavisifu, akavipigia msumari wa peke yake karibu na mlango wa jiko, na tangu siku ile hakuvigusa. Mimi mwenyewe kanitundika vivyo hivyo. Nikishika ufagio, naambiwa, "Pumzika, binti, utachoka." Nikienda kisimani kuna mtu kanitangulia. Siteswi hata kidogo, Mungu shahidi. Nasitiriwa. Lakini mtu hawezi kusitiriwa maisha yake yote ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ndiyo maana habari ya mkate huu imenishika roho. Wifi yangu Salma anaposwa. Wanawake wa upande wa mchumba wanakuja keshokutwa, Ijumaa baada ya alasiri, kutoka Moa, kuja kumwona na kuonja mkono wa nyumba hii. Mavyaa amegawa kazi: yeye pilau, jirani vitumbua, na mimi mkate wa mayai. Ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa mbele ya watu. Ukivimba, nami nimeingia katika nyumba hii kwa mguu wa kulia. Ukilala, watu wa Moa watauliza nani kaupika, na mavyaa atanisitiri tena kwa maneno mazuri, nami nitabaki mgeni mpaka nipate mvi.

Kwa hasira za leo ningeandika kwamba mwanzi ni bora kuliko mti, nikafunga. Lakini nikidanganya hata hapa nitasema kweli wapi?

Kweli ni hii. Mwiko wa mti una kumbukumbu. Ukikoroga mchuzi wa papa leo, keshokutwa uji unanuka papa. Ndiyo maana mavyaa ana mwiko wa samaki ambao mpini wake una kovu la kisu, na ole wake atakayeutia kwenye maziwa. Mwanzi hauna tabia hiyo. Una ngozi ngumu, haunywi mchuzi. Unauosha, unauweka kivulini, umesahau yaliyopita. Tena ni mwepesi. Ukikoroga tambi za sukari na mwiko wa mwanzi, kiganja hakijui kama kimefanya kazi.

Lakini siku ya Miraji niliutia mwiko wangu wa mwanzi kwenye sufuria la pilau la watu wengi. Ulipinda, ukalia, ukapasuka kutoka kichwani mpaka mkiani. Mavyaa alinipa mkononi ule wa mfenesi, mzito, na wali wote ukageuka kwa mkupuo mmoja. Siku ile niliujua mti.

Na mchi wangu wa mwanzi, Mungu anisamehe, ni wa kuchekesha. Una mafundo. Kila chapati inatoka na mistari, mpaka mume wangu akaniuliza kama chapati zake zimelalia mkeka. Tangu hapo nasukuma kwa mchi wa mti na sina la kusema. Tena mwanzi ukiuegemeza ukingoni mwa sufuria ukasahau, ncha inaungua upesi, wakati mti ungekupa nafasi ya kumaliza hadithi yako.

Koleo ndiyo sifa yangu. Mwanzi una mruko wake: unabana, unaachia wenyewe. Mavyaa anageuza maandazi kwa vijiti viwili, na nimemwona zaidi ya mara moja akilitazama koleo langu huku akijifanya anatazama moto.

Na kipekecho hakina mpinzani hapa mjini, mradi kiwe kikavu na kisafi. Mwalimu wetu alitufundisha jambo moja ambalo hata nikiwa usingizini siwezi kulikosea: ute wa yai na mafuta havipatani. Tone moja tu, hata kipande cha kiini kikiteleza, basi, utapiga mpaka magharibi na hautasimama. Kwa hiyo kipekecho hakipakwi kitu. Kinaoshwa kwa maji ya moto, kinapigwa jua, kinatundikwa.

Sasa nani kakipaka? Jikoni kwetu tuko wanawake watatu. Mimi sikukipaka. Salma tangu aanze kuposwa hajui hata mlango wa jiko uko upande gani. Amebaki mmoja.

Naandika neno baya na nitaliacha hapa hapa lilivyo: nadhani amefanya makusudi. Nilisikia siku ya kwanza kabisa kwamba palikuwa na binamu wa Pangani aliyetakiwa aolewe na Bakari. Labda anataka watu wa Moa waone kwamba mwali wa milimani hajui jiko. Labda yale maneno mazuri yote yalikuwa kifuniko.

Nimeliandika. Sasa nione kama kifua kitapungua.

*

Alasiri imekwisha. Kifua hakikupungua, kwa hiyo nilikwenda kumwamsha Salma.

Nilimwuliza kwa hila, kwamba kipekecho changu naona kinang'aa, amekipaka yeye? Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

"Wifi, hukuona mpaka leo? Mama kavipaka mwenyewe Ijumaa ulipokwenda Pongwe kwa shangazi yako. Kavitoa msumarini vyote, kavichanganya na vyake juu ya jamvi. Nikamwuliza, akasema, 'Vyombo vya mke wa Bakari vimekauka, vinaning'inia pale kama vya yatima. Leo navyo vipate haki yao.' Kile cha vijiti ndicho kilichomchosha. Kakipitishia kitambaa kijiti kwa kijiti. Akanikataza nisikwambie, ati utaona mwenyewe."

Nilisema ahsante, nikatoka, nikaja kukaa hapa.

Nimekosa pa kuuweka uso wangu.

Kumbe Ijumaa ile nilipokuwa Pongwe nikimlalamikia shangazi kwamba sina mtu, mtu mwenyewe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ananipakia mafuta vyombo vyangu. Na mimi adhuhuri hii nimeandika juu yake maneno ambayo hata adui yangu nisingemwandikia. Nilitaka kuuchana ule ukurasa. Nimeuacha, unisute kila nikiufungua.

Nimelia kidogo. Siyo kilio cha huzuni, na wala si cha furaha moja kwa moja. Ni kama mtu aliyekuwa akigonga mlango kwa muda mrefu, halafu akagundua komeo halikufungwa.

Lakini mkate bado haujavimba, na hapa ndipo penye mtihani. Nikikiosha kipekecho kimya kimya kwa majivu na ndimu, nitapata ute wangu. Vizuri. Ijumaa mchana, kabla wageni hawajafika, mavyaa atatandaza jamvi lake, na safari hii atakipaka kwa mkono mkunjufu zaidi kwa sababu nitakuwa sijasema kitu. Nikikificha chini ya kitanda, atakitafuta akikose, na atajua kwamba vyombo vyangu nimeviondoa kwenye jamvi lake. Hilo litamuuma kuliko neno lolote.

Nikimwambia, je? Nitamwambiaje mtu kwamba ule wema wake ndio ulioua mkate wangu? Kwetu na kwao, mkazamwana hamkosoi mavyaa. Anainamisha kichwa, anasema naam, anameza. Nimelelewa hivyo, na nilivyokuja huku nimeongeza zangu. Nimemeza hata visivyonikwama.

Halafu nikajiuliza, angekuwa mama yangu wa kunizaa? Ningesema, "Mama, umeniharibia kipekecho," huku naendelea kumenya ndizi. Angenijibu lolote, tungekula, tungelala. Nisingekaa uani na shajara natafuta maneno ya kuzunguka.

Kwa hiyo nani hasa anayenifanya mgeni hapa, yeye au mimi?

Swali hili silipendi. Lakini limekuja lenyewe na haliondoki.

Nimejifunga kanga vizuri. Namsikia kule nyuma yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi ya jioni. Nakwenda sasa hivi kabla moyo haujapata nafasi ya kushauriana na miguu.

*

Jua linazama, magharibi haijaadhiniwa. Naandika haraka, mkono unanuka ndimu.

Nilimkuta, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanitazama. "Shikamoo ya pili leo hii? Watoka safari?"

Nilianza kwa kuyasifu mafuta yake. Nikasema yana harufu nzuri, nikasema mianzi imependeza, nikasema nimeshukuru sana. Nilizunguka mpaka mwenyewe nikapotea njia. Mwishowe nikafumba macho nikalitoa: kwamba kile cha vijiti ni cha mayai, na mayai na mafuta hayapatani, na kwamba mkate wa Jumamosi ulilala kwa sababu hiyo, na leo pia ute umekataa.

Mbuzi ikanyamaza. Aliweka kifuu chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Umejua lini?"

"Leo, mama. Adhuhuri."

"Adhuhuri. Na sasa ni saa ngapi?"

Hapo ndipo alipoanza.

"Waniogopa mimi? Mimi simba? Mayai yangu yameharibika bakuli zima, nawe waenda kukaa mkekani waandika. Mtu mzima, umesoma, mdomo Mungu kakupa, chombo chako nakiharibu nawe wanisifia mafuta. Ningekipaka tena Ijumaa hii, je? Watu wa Moa wangekula nini, wangekula adabu yako? Adabu hailiwi na chai. Mwenye kujua akanyamaza ndiye mwenye kosa, si mimi nisojua. Salma angekuwa keshanipigia kelele asubuhi, tukamaliza."

Hakupunguza sauti. Aligomba kuhusu mayai, akaingia kwenye habari ya wali niliouunguza mwezi uliopita, ambao siku ile alisema ni moto mkali. Kumbe aliuona. Akaendelea na namna ninavyofagia uani, naanzia mlangoni badala ya ukutani, na jinsi nisivyokula nikashiba mbele ya watu halafu nakwenda kutafuta ukoko jikoni. Yote anayajua. Amekaa nayo muda wote huu, naye alikuwa akinionea haya kama mimi nilivyomwonea.

Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti. "Kuna nini, Bi. Mwanakombo?"

"Hakuna kitu. Nagombeza mwanangu, wewe rudi kwa dagaa wako wasiungue."

Nilisimama pale kichwa nimekiinamisha, nikauma midomo nisicheke, nikashindwa. Alivyoniona nacheka akataka kukasirika zaidi, akashindwa naye. Akaniambia nilete majivu.

Tulikichemsha kipekecho kwenye maji ya majivu, tukakisugua kwa ndimu, tukakisuuza. Akakinusa. "Bado," akasema, akakirudisha motoni mwenyewe. Huku tukingoja tulibishana. Yeye anasema hakuna kitu duniani kisichotaka mafuta, hata binadamu. Mimi nikasema mti una kiu, mwanzi umezaliwa na koti lake. Akasema koti lisilopigwa mafuta linaliwa na wadudu. Nikasema kwetu tunautundika juu ya moshi wa jiko, wadudu hawaupendi. Hilo lilimwingia kidogo. Akaona tusivipe vyote haki ya namna moja: vya mti vitapakwa, vya mwanzi vitapata moshi, ila koleo ataendelea kulipaka kwa kuwa kuanzia leo koleo ni lake. Hakuniuliza. Alilichukua tu.

Nikapasua yai moja la kujaribia, nikatenga kiini, nikapiga ute. Mwanzo ulisitasita. Kisha ukaanza kuwa mweupe, ukapanda, ukasimama ncha zake. Mavyaa aliinama juu ya bakuli. Mimi nikamweleza kwamba mwalimu alikuwa anapindua bakuli kuona kama ute umeiva. Akaninyang'anya bakuli, akalipindua juu ya kichwa changu.

Ute haukuanguka.

"Ungeanguka," akasema, "ungekufundisha kusema mapema."

Kwa hiyo leo nimegombezwa. Nimegombezwa kwa sauti, nimetolewa makosa ya tangu nilipofika, na jirani mmoja kasikia na wengine watasikia kesho. Ningependa mama kule Bumbuli apate habari hii, lakini sijui nimwelezeje ili asisikitike.

Namsikia ananiita, na sauti ni ile ile ya kugomba. Nadhani nimeacha maganda ya ndimu pale alipokuwa amekaa, au kuku wameingia kwenye nazi. Lolote liwalo, kosa ni langu na nakwenda kulisikia. Ijumaa na ije.